Mwaka Ambao Bunia Nzima Haikuwako

Faustin mchekeshaji amekufa, na watu wamemzika kwa kicheko. Nilikwenda matangani juzi, nikakaa na akina mama wengine chini ya hema la plastiki, kitenge mabegani kwa sababu ya baridi ya jioni, na mbele yetu vijana wa kartie, mtaa wetu, walikuwa wamevaa fulana nyeupe zenye uso wa marehemu. Chini ya uso, kwa herufi nyekundu, yaliandikwa maneno ambayo mji huu unayajua kuliko Baba Yetu: Miye sikukuwako. Kila mgeni aliyefika kutoa pole alipokelewa nayo. Solange, jirani yangu, mwanamke wa umri wa watoto wangu, alinigusa kiwiko. "Mama Mado, mbona weye peke yako hauchekake? Muzee mwenyewe angependa tucheke." Nikamjibu kwamba jino linaniuma. Uongo mtupu, meno yangu ni mazima, lakini ningeanzia wapi kumweleza? Mwaka ule yeye alikuwa bado ananyonya. Kwake hayo ni maneno ya kuchekesha, na sina ugomvi naye. Kwangu ni maneno yaliyomnyang'anya mtu mmoja kinywa chake, na mtu huyo nilikuwa nampenda. Nilikunywa chai yangu ya matanga, tamu kupita kiasi kama kawaida, nikarudi nyumbani mapema.

Mwaka ule nilikuwa msichana aliyemaliza sekondari na kazi hakuna, nimepanga chumba katika parsele, yaani ua wa nyumba za Mama Kahindo. Alikuwa mfanyabiashara wa sabuni na chumvi, mwenyeji wa Butembo, mnene wa mwili na wa sauti, mtu wa kukugombeza huku anakupakulia chakula. Sebule yake ilikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma, kalenda ya parokia ya mwaka uliopita ambayo hakutaka itolewe kwa sababu picha ilikuwa nzuri, na televisheni iliyofunikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Jumamosi jua likianza kushuka, jenereta iliwashwa nyuma ya jiko, kitambaa kikatolewa, na parsele ikajaa. Mwenye kiti alikuja na kiti chake, asiye na kiti alikaa juu ya bido, dumu la maji, watoto chini. Sombe, majani ya mihogo, ilikuwa bado motoni, mawese yananukia, moshi wa jenereta unaingia dirishani, na sauti ya televisheni imepandishwa hadi mwisho ili iishinde jenereta. Tulikuwa tunapigizana kelele ili kuambiana tunyamaze.

Tulikuwa tunamngojea Papa Matembele. Televisheni ya mji ilikuwa na mchezo mmoja wa kuchekesha, wa Kiswahili chetu, cha Bunia, si Kilingala cha Kinshasa ambacho nusu yetu tulikisikia kwa kubahatisha. Papa Matembele alikuwa mwanaume mlafi mwenye kaptula ndefu na kofia ya sufu, na kila juma alifanya kosa lake mbele ya macho yetu wote. Aliiba nyama chunguni. Aliuza kuku wa mama mkwe. Alilala wakati wa zamu ya kulinda shamba, mbuzi wakala maharagi yote. Halafu mke wake anatokea, mikono kiunoni, anauliza: "Nani amekula nyama?" Na Papa Matembele, mafuta yanamtiririka kidevuni, anainua viganja viwili polepole, macho makubwa ya mtoto mchanga: "Miye sikukuwako." Mke anamwangalia sana. Parsele nzima inashika pumzi. Ndipo mke anasema, kwa upole kabisa, "Na mafuta ku kinywa?" Hapo Mama Kahindo alikuwa anapiga paja lake mpaka kochi linalia.

Sikumbuki maneno hayo yalitoka lini mle ndani ya televisheni yakaingia barabarani. Nilichoona ni kwamba msimu mmoja tulikuwa tunayasikia Jumamosi tu, na msimu uliofuata hapakuwa na siku isiyo nayo. Mtoto akivunja sahani, viganja juu: sikukuwako. Mwanafunzi akiulizwa kazi ya nyumbani, sikukuwako, na darasa zima likaitikia mambo ya mafuta. Sokoni ukimwambia mwuza samaki kwamba samaki wake wa jana walikuwa wameoza, alikujibu hivyo hivyo, na wewe uliyekuja na hasira ukajikuta unacheka na kununua tena. Hata kanisani. Padre alikuwa anahubiri habari za bustani ya Edeni, Mungu anamwita Adamu, Adamu uko wapi, akanyamaza kidogo ili tulitafakari swali. Mzee mmoja wa nyuma akajibu kwa sauti ya Papa Matembele. Kanisa likaanguka. Padre mwenyewe aligeukia altare, tukaona mabega yake yanatikisika.

Leo, mvi zimenijaa, nadhani najua kwa nini tulicheka vile. Miaka ya vita iliyotangulia, swali la "ulikuwa wapi siku ile" halikuwa swali la mchezo katika mji huu. Watu walilijibu mbele ya bunduki, walilijibu mbele ya majirani waliowajua toka utoto. Wengine walisema kweli, wengine hawakusema kweli, na wote walitumia maneno yale yale, kwa maana hakuna mengine. Akaja mtu mwenye mafuta kidevuni akatufanya tuyacheke. Ilikuwa kama kuvua kiatu kinachobana. Lakini hayo ni mawazo ya utu uzima. Wakati ule nilicheka tu, mbavu zikaniuma, na sikufikiri kwamba ipo siku mtu atayahitaji maneno yale kwa kazi yake ya kweli.

Mtu huyo alikuwa Janvier. Alipanga chumba kidogo cha karibu na lango, alikuwa taximan wa moto, yaani pikipiki, na watu wake wa upande wa Djugu walikuwa wametawanyika wakati wa kukimbia, asijue nani yuko wapi. Hakuwa mtu wa maneno. Jumapili Mama Kahindo alilisha wapangaji wote, bugali na sombe na samaki wa ziwani wakipatikana, na Janvier alikuwa anakula akiangalia sahani yake, kisha anaosha vyombo bila kuambiwa, jambo ambalo wanaume wengine wa parsele waliliona ni la aibu na Mama Kahindo aliliona ni la ajabu. Mimi niliona mikono yake. Basi, niseme tu. Niliona mikono yake, na namna alivyokuwa anaifuta moto yake asubuhi kwa kitambaa kilicholowa, taratibu, na nikaanza kupata sababu za kuteka maji saa ile ile.

Ukuta kati ya jiko na sebule ulikuwa wa mbao, na mwenye masikio alisikia. Ndivyo nilivyosikia Janvier anamwomba Mama Kahindo apeleke neno la posa kwa wakubwa wa familia yangu Kpandroma, kwa kuwa yeye hakuwa na mzee wa kumpeleka. "Mama, miye siko na baba wa kunisemea," alisema. "Siko na shamba, siko na ngombe. Niko na jina tu. Ukiuliza ku parking yetu yote, ukiuliza abiria, hakuna mutu atasema Janvier alimuibia, ao Janvier alimukimbia. Hiyo ndiyo naleta." Mama Kahindo, bila kumgombeza kwanza, akasema ataenda. Alikwenda kweli, na chumvi yake ya kuuza juu ya lori. Wakubwa zangu walijibu vizuri: kijana aendelee na kazi, mavuno yakiisha aje tumwone, na tutauliza mjini habari zake. Mimi niliyesikia yote kwa nyuma ya mbao niliunguza maharagi.

Ilikuwa wakati wa mvua. Asubuhi moja Janvier alimpakia mukatekista mmoja aliyekuwa anarudi kijijini kwake, mbali, kwenye njia ya Djugu. Nilimfungia mihogo ya kuchemsha ndani ya mfuko, akaiweka chini ya koti, akaenda. Siku ile ile, kwenye mteremko wa sokoni, mwanamke mmoja mzee, Mama Ngave, mwuza nyanya, aligongwa na moto. Taximan hakusimama. Watu walimkuta mama yule matopeni kati ya nyanya zake, hasemi, damu inatoka kichwani, mguu umevunjika vibaya. Walioiona moto ikikimbia walisema imeandikwa "Mungu Iko" kwenye mpira wa nyuma wa kuzuia tope. Moto ya Janvier iliandikwa hivyo. Lakini moto zilizoandikwa hivyo Bunia zilikuwa nyingi, kwa sababu mchoraji wa pale parking ya mataximan alikuwa mmoja na hakupenda kubuni. Janvier alirudi jioni, tope mpaka masikioni, anasifu njia kwamba imeharibika sana. Alikuwa hajavua buti wakati wana wa Mama Ngave walipofika langoni na majirani wao.

Mama Kahindo alijaza lango kwa mwili wake. Alisema hapigwi mtu katika parsele yake, kama wana neno walipeleke kwa shefu wa kartie, na kama wanataka kupita wampite yeye kwanza. Walikubali, sijui kwa kumheshimu au kwa sababu wengi wao walikuwa na deni la sabuni kwake. Niliona Janvier amesimama nyuma yake, uso umetulia. Hakuwa na wasiwasi. Aliniambia, "Ni kitu kidogo, Mado. Mukatekista atasema." Kesho yake tukasikia mambo yameharibika tena upande ule, njia imefungwa, hapiti mtu. Simu za mkononi zilikuwa za wakubwa wachache, na kule kijijini haikuwapo hata moja. Mukatekista alikuwa shahidi mzuri sana, mahali ambapo hakuna aliyeweza kumfikia.

Barza ya kartie ilifanyika mbele ya nyumba ya shefu, chini ya paa la mabati lisilo na kuta. Mabenchi yalijaa, watu wakasimama mpaka barabarani. Desturi yetu ni kwamba anayeshitakiwa anasema kwanza, amesimama, kichwa wazi, na hakuna anayemkatiza mpaka amalize. Ni desturi nzuri. Shefu akasema, "Kijana, toa kofia. Ile saa mama aligongwa, weye ulikuwa wapi?" Janvier akavua kofia yake. Alikuwa amevaa shati lake jeupe la Jumapili. Nilimwona anatafuta neno, na kabla hajafungua kinywa ghafla nilijua atasema nini na nilijua hakuna kingine cha kusema.

"Shefu," alisema, "miye sikukuwako."

Kwanza kulikuwa na mtu mmoja tu, mwanamke wa pembeni, aliyejiziba kinywa. Halafu sauti ya kiume kutoka barabarani ikasema, kwa upole ule ule wa mke wa Papa Matembele, "Na mafuta ku kinywa?" Barza yote ikapasuka. Wazee walilala juu ya fimbo zao. Shefu aligonga meza, lakini kinywa chake mwenyewe kilikuwa kimempinda. Na wana wa Mama Ngave, ambao mama yao alikuwa kitandani haongei, nao walicheka, nikaona mkubwa wao, Dieudonné, amekasirika kwa sababu amecheka, na hasira ile yote akaigeuzia kwa Janvier: huyu amekuja kutufanyia mchezo wa televizio, mama yetu anakufa. Janvier aliinua mikono kuwaomba watulie. Masikini, aliinua mikono miwili, viganja mbele. Sitaki kueleza kicheko kilichofuata.

Alijaribu tena. Alisema, "Nilikuwa ku njia ya Djugu, nilipeleka mukatekista." Mtu akajibu kwamba Matembele siku hizi amenunua moto. Nikasimama mimi. Nikasema nilimwona akitoka asubuhi na abiria, nilimfungia mihogo. Shefu akaniuliza, kwa heshima, "Binti, na saa mama anagongwa, ulimuona iko wapi?" Ningesema nini? Nilikuwa nyumbani nachambua sombe. Nilifungua kinywa, na maneno yaliyokuwa ndani yake yalikuwa yale yale. Nikakaa. Mama Kahindo akapiga kelele, "Batu ya Mungu, munacheka nini? Mutoto anasema kweli," wakamcheka na yeye, kwa mapenzi, kwa sababu kila mtu alijua parsele yake ndiyo yenye televisheni. Shefu akasema barza itarudi baada ya Jumapili.

Tukaenda kwa Faustin. Wengi hawakujua kwamba Papa Matembele bila kofia alikuwa fundi wa redio, mwembamba, mwenye miwani, na sauti ya chini. Alikuwa na kibanda karibu na soko, redio zimefunguliwa matumbo kila mahali, na aliposikia habari yetu aliweka chini kile chuma cha kuunganishia waya na hakukishika tena. Mama Kahindo alimwomba aje barzani, awaambie watu kwa kinywa chake kwamba mchezo ni mchezo na mtu ni mtu. Faustin alitusogezea kigoda. "Mama, naweza kuya," alisema. "Lakini nikuambie. Mwaka jana mama yangu alikufa. Nililia ku matanga. Batu walicheka, wakasema, angalia Matembele anajua kulia. Nikalia zaidi, wakacheka zaidi. Basi nikaacha kulia. Nilimuzika mama na macho kavu." Alivua miwani akaifuta kwa shati. "Nitakuya. Huyo kijana haiko na kosa. Nitakuya."

Na alikuja. Alivaa koti na tai, alichana nywele, alipita katikati ya mabenchi akiangalia chini, na kicheko kilikuwa kimeanza kabla hajafika mbele. Alisema, "Ndugu zangu, leo sikukuya kuchekesha." Walicheka. Alisema, "Hii maneno niliitunga miye, usiku mumoja nyumbani kwangu, na bibi yangu, mama ya batoto yangu. Haiko ya kutumia juu ya mutu mwenye shida." Walicheka, wengine wakapiga makofi, mtoto akabebwa mabegani ili aone vizuri. Nilikuwa karibu, niliona machozi yanashuka chini ya miwani ya Faustin, na niliona watu wanayaona, na kila chozi liliwaua zaidi kwa kicheko. Hawakuwa watu wabaya. Hilo ndilo jambo ambalo mpaka leo linanichosha. Kati yao walikuwapo walioniuguza nilipoumwa malaria, waliotugawia unga mwaka wa njaa. Walikuwa wanacheka kama mtu anavyokohoa. Faustin alikunja mikono kifuani, akasubiri, akaona haiishi, akaja kukaa kati yangu na Mama Kahindo.

Ndipo Janvier akasimama bila kuitwa. Kofia ilikuwa mkononi tayari. Alisubiri, nao wakamsubiri, nyuso zimechangamka, wanangoja neno lao. Akasema, "Nilikuwako. Ni miye niligonga mama."

Sijawahi kusikia watu wengi namna ile wakinyamaza kwa pamoja. Mvua nyepesi ilikuwa inapiga mabati, tukaanza kuisikia. Shefu alikohoa, akauliza kama amesema kwa akili yake, Janvier akasema ndiyo. Nilisimama, nikasema si kweli, shefu, si kweli, lakini Mama Kahindo alinivuta kitenge nikaanguka benchini, na nilipomwangalia alikuwa analia waziwazi. Yote yalikwenda haraka baada ya hapo, kwa utaratibu, kwa heshima kabisa. Kati ya mataximan wetu kuna desturi: ukimgonga mtu, yeye ni wako mpaka asimame. Unampelekea chakula hospitalini, maana hospitali zetu hazipikii wagonjwa, unamfulia, unambeba. Moto yako inabaki kwa familia yake mpaka siku atakayotembea, na jile yako, kizibao cha kazi, unairudisha parking. Dieudonné alimpa Janvier mkono. Alimwambia, "Umesema kiume." Watu waliondoka wakiwa wametosheka, na wengine walimgusa Janvier begani.

Tuliporudi nilimfuata mpaka mlangoni kwake. Nilikuwa na hasira ya kumpiga. "Juu ya nini?" nilimwuliza. "Njia itafunguka. Mukatekista atakuya." Alikuwa anafungua ule mpira wa kuzuia tope kwa spana, ili ampe Dieudonné moto safi. "Atakuya atasema nini, Mado? Atasema Janvier hakukuwako." Aliifungua skrubu ya mwisho. "Uliona walinyamaza? Tangu mambo ianze, leo tu ndiyo walinisikia." Nilikaa juu ya jiwe la kufulia, nikamshikia taa. Wakubwa zangu wa Kpandroma waliuliza habari zake mjini kama walivyosema, na mji uliwajibu kama unavyojua. Wakatuma neno kwamba mtu anayegonga mama mzee na kukimbia, hata akikiri baadaye, si wa kupewa binti. Sikuwalaumu, wangejuaje. Niliwachukia kwa muda tu. Janvier baadaye alikwenda machimboni kutafuta dhahabu, kisha habari zikakatika. Wengine wanasema yuko upande wa mpaka ana watoto. Nimeolewa, nimefiwa, nimelea, na bado nikiona mtu anafuta moto asubuhi kwa kitambaa kilicholowa, ninapita haraka.

Ila kabla hajaenda kulikuwa na ile miezi ya hospitali. Yeye hakuwa tena na jile wala moto, alikuwa anabeba mizigo sokoni, na jioni tulikwenda pamoja, mimi na bakuli la uji wa mtama lililofungwa kwa kitambaa, yeye na bido ya maji. Chumba cha akina mama kilikuwa kirefu, vitanda vya chuma, sufuria chini ya kila kitanda, harufu ya dawa na ya samaki wa kukaangwa, ndugu wamelala juu ya mikeka kati ya vitanda. Wana wa Mama Ngave walikuwa wanakuja mwanzoni, kisha Jumapili tu, kisha si kila Jumapili. Walikuwa na kazi zao, na mgonjwa wao alikuwa na mtu. Janvier alimnyanyua kwa uangalifu, alimgeuza ili asipate vidonda, alijifunza kumfunga nywele. Mama Ngave hakuwa anasema. Ile ajali ilimfunga ulimi, na daktari alisema unaweza kufunguka, unaweza usifunguke. Alikuwa anatuangalia tu, macho makali, na mimi kila jioni nilisali kwa siri ulimi ule ufunguke, kwa sababu yeye peke yake alikuwa ameuona uso wa yule mtu, na yeye akisema, nani angethubutu kucheka?

Ukafunguka. Ilikuwa jioni ya kawaida, Janvier amekaa ukingoni mwa kitanda na kijiko mkononi, mimi ninakunja nguo. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtu aliyeamka. "Haikukuwa weye," alisema Mama Ngave. Kijiko kilisimama. "Nilimuona yule. Alikuwa na ndevu, mutu mukubwa. Alinitukana ndiyo alikimbia. Haikukuwa weye. Nilijua toka siku ya kwanza ulikuya hapa." Nguo zilinianguka. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikamshika mkono, nikamwambia, mama, asante, mama, kesho nitamleta shefu hapa hapa, utamwambia hayo hayo, hautasema kingine. Alimwangalia Janvier muda mrefu, hakuniangalia mimi. Kisha aliutoa mkono wake katika mikono yangu, akaupeleka polepole juu ya blanketi mpaka ukalipata shati la Janvier, akalikamata.

"Nikisema, ataenda," alisema. "Bana yangu unawaona. Nikisema vile mbele ya shefu, nani atanigeuza usiku?" Machozi yalikuwa yanamtoka, ya aibu, nadhani, maana alifumba macho ili asituone. "Mutoto, unisamehe. Kesho utakuya?"

Nilimwangalia Janvier nikimwomba kwa macho asijibu. Aliweka kijiko ndani ya bakuli, akakoroga uji uliokuwa umeanza kupoa.

"Nitakuya, mama," alisema. "Fungua kinywa."